Pancha ya Bongwe

Kwako Mwanasha, uliyenivumilia miaka miwili,

Kutoka Ukunda hadi Msambweni hajazaliwa anayekijua Kijapani kunishinda. Wajapani wenyewe wakinisikia pale ufuoni hunyamaza, wakaanza kujisahihisha. Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu tu, ingawa daftari lilikuwa lako, darasa la Jumamosi lilikuwa lako, na mimi shule niliiachia la saba.

Unakumbuka uani kwenu, mamako akiuza miwa ya Ramisi? Ulikuwa ukimenya, hunipi pingili mpaka nimalize sentensi. "Watashi wa Nihon e," naanza, yaani mimi, Japani, kisha nanyosha mkono. Unaurudisha kwa ubapa wa kisu. "Hujasema kitu, bwana. Unaenda au huendi?"

Maana Kiswahili hakina subira, ukitamka "si" tu mtu ashajua hutaki. Kijapani huweka kitendo mwisho, na kukubali au kukataa kumo humo mkiani: ikimasu, naenda, ikimasen, siendi. "Msikilize mtu mpaka amalize," ukaniambia. Nikakuita mwalimu wa mkia, nikala muwa wako.

Sasa uko huko Japani unaogesha wazee wa watu, bibi yako anaogeshwa na jirani. Picha zako naziona. Koti ndilo limekuvaa wewe.

Mamako nampitia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio anauliza, ile pikipiki imezibwa?"

Anacheka, wateja wanacheka, nami nacheka kuwashinda wote.

Siku ya usaili wa kazi ya Japani ulimwomba msimamizi aniweke wa mwisho, ukanisubiri asubuhi nzima. Nikakupigia simu: nimepata pancha njiani, hapa Bongwe, ingia tu. Ukaingia, ukapita. Tangu hapo nawaambia watu kwamba uliniacha. Nasimulia vizuri, hata wananinunulia chai.

Haya, kaa kwa heri, na hilo koti usilivue. Barua hii imenichukua siku tatu kuiandika, na hilo lilipaswa kukwambia jambo.

Hakukuwa na pancha. Nilifika mapema, nikaona kila anayeingia anapewa karatasi na kalamu. Kusema naweza, Mwanasha. Nilichoogopa ni wewe kuiona karatasi yangu. Nilikupigia nikiwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha chai. Nilikuona ukiipokea simu, ukaniambia pole.

Mimi, uliyekuwa uondoke naye,
Hamisi