Mabano Yanayotazama Nje

Louisville, Jumanne, Oktoba 2015

Eti mabano yangu yamegeuka! Darasa letu la hisabati lina watu tisa tu, lakini msahihishaji, mwanafunzi wa mwaka wa nne, hakuona haja ya kuniuliza. Kila nilipoandika ]0,1[ amenikosesha. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania tulisoma mtaala wa Burundi, kwa Kifaransa, na mabano yakitazama nje maana yake 0 na 1 zenyewe hazimo; hapa Marekani wao huandika (0,1). Basi.

Profesa, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, akanituma kwa wanaosaidia wanafunzi dhaifu. Nikaenda, kwa sababu nikianguka somo hili ufadhili unaondoka, nami nitafunga maboksi na baba ghalani mtaa wa Okolona.

Nikamkuta nani? Msahihishaji yuleyule! Akasoma swali la tatu kwenye zoezi langu, akakuna kichwa.

“Hili hata mimi lilinishinda. Ulifanyaje?”

Nikamweleza nusu saa nzima. Akanakili kila kitu, mabano yakitazama nje vilevile, akanishukuru sana. Alama zangu hakuzigusa.

Na mimi, mjinga mkubwa, jioni yote nimekaa nikiyageuza yangu yatazame ndani.