Karatasi Ambayo Hakuna Aliyeisoma

Mji Mpya,
Morogoro.
Juni 9, 1975

Mpendwa dada Hidaya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abasi na wadogo wote, na kwamba baridi ya Mgeta mwezi huu haijakurudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Huku sisi wazima. Wifi yako Saada anakusalimu sana na anasema maharage uliyotuma yameiva upesi kuliko ya sokoni. Mwanao Mwaisha naye mzima, na amerefuka hata gauni la Idi halimfiki magotini.

Barua yako niliipokea Jumatano kutoka kwa dereva wa lori la mboga. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha tupu, maana mwaka juzi ulikuwa bado unatia dole gumba, na leo unanigombeza kurasa mbili nzima kwa mwandiko wako mwenyewe. Kama kisomo cha watu wazima kingezaa barua hiyo moja tu, mimi mtumishi wake ningesema kimelipa.

Umeninakilia yale maneno ya gazeti la ukutani la tawi letu la chama, ambayo nakala yake ilipandishwa hadi huko milimani: “Mwalimu anayekusanya watoto sita barazani kwake na kumfundisha kila mmoja kwa namna yake anapanda mbegu ya matabaka. Watoto wa taifa moja wafundishwe somo moja, saa moja, kwa sauti moja.” Chini pakawekwa jina la kupanga, Mlinzi wa Azimio. Ukaniuliza ni mwanamume gani huyu ambaye hajalea hata kuku. Kisha ukaniambia jambo nililofichwa tangu Februari, kwamba mmoja wa watoto hao sita ni Mwaisha wetu, na ukaniamuru, mimi mjomba wake, nichukue kalamu nimjibu.

Haya, namjibu.

Huyo Mlinzi apande Mgeta siku moja kwa miguu. Aone kwamba kabichi yako iko juu penye ukungu na migomba iko chini bondeni, na kwamba maharage umeyapa miti ya kutambaa na viazi umevifukia. Je, wewe dada ni bepari? Umezipandia mbegu zako matabaka? Daktari wa hospitali ya umma akimpa huyu vidonge na yule akamfunga mguu, amelisaliti taifa? Usawa ni wote wafike. Anayetaka wote wapite mlango mmoja, hata mwenye mzigo kichwani na mlango mfupi, huyo halindi usawa, analinda mlango. Tena ameandika “anakusanya” kana kwamba anasema habari za kupe. Mwalimu Rosa hadai hata senti. Kila mtoto huja na kuni moja, na kuni hizo ndizo zinazochemsha uji wanaokunywa wenyewe.

Hayo ni ya mabishano, na mabishano nayaweza tangu utoto, unajua. Lakini nilitaka kuona kwa macho, kwa hiyo Alhamisi nilikwenda kwa Mwalimu Rosa. Unamkumbuka, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, mtani wa ukoo wetu. Alinipokea kama anavyostahili kupokewa mtani. Aliniuliza nimekuja kumzika au kuchungulia urithi, kwa sababu watu wa ukoo wangu hawaingii uani kwa mtu ila wamesikia harufu ya pilau. Nikamwambia nimekuja kujifunza. Akaita majirani washuhudie kwamba Stambuli amekiri kuna jambo asilolijua.

Baraza ilikuwa tupu. Tangu tawi limsimamishe akingojea kikao, watoto hawaji. Lakini alinionyesha mahali pa kila mmoja kama mtu anayeonyesha vitanda vya wanawe. Bonifasi, anayesikia kwa sikio moja, hukaa mwisho wa benchi upande wa ukuta, ili sikio zima limwelekee mwalimu, na Mwalimu Rosa hasemi neno akiwa amegeukia ubao. Shuleni alikuwa akichapwa kwa kiburi cha kutoitika. Gabrieli hawezi kutulia, basi hesabu zake za kuzidisha hufanywa kwa hatua, uani, kutoka kwenye mpapai hadi jikoni, na sasa anajua hadi mara kumi na mbili. Yupo pia msichana mwepesi mno, aliyeonekana mtundu kwa sababu humaliza kabla ya wenzake. Huyo kazi yake ni kutunga maswali ambayo mwalimu mwenyewe atashindwa. Mwalimu Rosa alicheka akasema ameshindwa mara mbili.

Nikamwuliza habari za Mwaisha. Dada, hapa nakuomba ukae chini.

Unajua jinsi nilivyomsifia mtoto huyu kwenye barua zangu. Akija mgeni, awe katibu au mhadhiri, nilimwita Mwaisha na kumpa ukurasa wa makala yangu ya wiki hiyo, naye alisoma bila kukwama hadi mgeni akapiga makofi. Nilikuambia tumepata msomi. Mtoto hakuwa akisoma. Mimi nina tabia ya kusoma makala zangu kwa sauti sebuleni nisikie kama zinauma, na yeye, akiwa anakuna nazi huko jikoni, alikuwa anazishika zote kichwani kwa kusikia mara moja. Herufi hakuzijua. Alifika darasa la saba kwa masikio yake. Mimi ninayewafundisha wazee wa wilaya nzima kusoma nililala nyumba moja na mtoto asiyejua kusoma, nami nikamtembeza mbele ya wageni kama kombe la mpira.

Aliyegundua ni Saada. Jirani alileta kijikaratasi cha kuazima ungo, Saada, mikono ikiwa na unga, akampa Mwaisha amsomee, mtoto akakitazama mpaka machozi yakamtoka. Saada akampeleka kwa Mwalimu Rosa, akakuandikia wewe, na mimi nikaambiwa mtoto anajifunza kushona. Nilimwuliza mke wangu kwa nini alinificha. Alisema ndani ya nyumba yetu ukinipa habari moja narudisha hotuba tatu, na mtoto alihitaji mwalimu, hakuhitaji hotuba. Namshukuru.

Mwalimu Rosa aliona mapema kwamba kitabu hakimfai Mwaisha. Akisikia mwenzake anasoma, tayari ameshika, na macho yanabaki bure. Alihitaji kila siku karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuisoma kwa sauti. Zitoke wapi karatasi kama hizo? Akamwagiza mtoto alete zile ninazozikunja na kuzitupa, za maneno yaliyoharibika, maana hizo sizisomi kwa mtu. Ndivyo Mwaisha alivyojifunza kusoma, dada. Alisomea kapu langu la takataka na mwandiko wangu mbaya, na hasira nilizozikata kwa wino. Kuanzia Februari hadi Aprili, neno kwa neno, akiweka ukucha chini ya kila herufi.

Nilipoaga, Mwalimu Rosa aliingia ndani akaniletea bahasha. Hakutania tena. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya kwangu iliyokunjuliwa vizuri na kupigwa pasi. Nimeinakili hapo juu, dada, au tuseme wewe ndiye uliyeninakilia. “Mwalimu anayekusanya watoto sita barazani kwake.”

Mlinzi wa Azimio ni mimi.

Niliandika Aprili, baada ya kupita barabarani kwa baiskeli na kuona kwa mbali watoto sita wakifanya mambo sita, mmoja akizunguka mpapai. Sikushuka. Mwaisha alikuwa mmoja wao, amenipa mgongo, sikumtambua. Jina nililificha kwa sababu moja ya aibu: Rosa ni mtani wangu na niliuogopa ulimi wake. Kwa kuwa nilikuwa najificha, ndiyo makala pekee mwaka huu ambayo sikuisoma kwa sauti sebuleni, hata Saada hakuisikia. Rasimu yake niliitupa kapuni. Mwaisha akaiokota, akaipeleka barazani kama siku zote, akamsomea mwalimu wake yote, kuanzia juu hadi chini, siku tatu kabla haijabandikwa ukutani.

Mwalimu Rosa hakumnyamazisha. Alimwacha amalize, kisha akamwuliza, kama anavyowauliza wote, ameelewa nini. Mtoto akasema mwandishi anaandika vizuri, ila ameona kutoka barabarani, hajaingia ndani. Wote wawili walijua mkono ni wa nani. Wiki hizi zote Mwaisha ameniandalia chai na hajaniambia kitu. Pembeni mwa karatasi mwalimu aliandika kwa penseli nyekundu: “Mwaisha amesoma ukurasa mzima bila kukosea, mara yake ya kwanza. Hongera mjomba.”

Nimewajibu wengi maishani, dada. Hiyo penseli jibu lake lilikuwa radhi tu. Nilimwomba radhi pale pale uani, na nyumbani nikamwomba radhi Mwaisha. Sasa nakuomba wewe, uliyenikabidhi mtoto kama desturi yetu inavyotaka, nami nikamfungia mlango bila kujua kwamba yumo. Nakushukuru kwa kunigombeza. Usingeandika, ningekuwa bado najisifu.

Kikao ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ofisi ya tawi. Wataamua kama baraza ifungwe kabisa, na mtihani wa darasa la saba haumngoji mtu. Nitasimama na kutaja jina langu. Kazi ikiniponyoka, nitarudi Mgeta unipe jembe. Lakini najua wajumbe wangu. Niliwafundisha mimi kupenda maneno makali, na watasema Stambuli amegeuka kwa sababu ya damu yake. Neno langu peke yake halitatosha.

Basi barua hii uisome mwenyewe mbele ya baba yake Gabrieli na mama yake Bonifasi, na wazazi wengine wa huko ambao, kama wewe, watoto wao wanakaa mjini kwa ndugu na kusoma kwa Mwalimu Rosa. Nasema nanyi sasa. Msije na kabichi kwa mwenyekiti, wala msije na maneno ya kubembeleza. Pandeni lori la Ijumaa. Kila mmoja wenu aje na karatasi moja aliyoandika kwa mkono wake, hata kama ni mistari mitatu iliyopinda: mtoto wangu alikuwa hivi, sasa yuko hivi. Asiyejua kuandika aandikiwe na dada Hidaya. Msimsomee mtu, msinionyeshe mimi, na Mwaisha asizione kabla. Zifungwe. Jumamosi mbele ya wajumbe wote nitamkabidhi yeye azifungue moja moja, na azisome.

Msalimie shemeji na watoto. Saada anasema mkija mfikie hapa hapa, vitanda vipo.

Ni mimi mdogo wako anayekushukuru,

Stambuli
(na safari hii jina ni langu)