Fainali ya Kaka Egbert

Costansia, uko? Nimejifungia stoo hapa nyumbani Bugene, watu wa msiba bado wako uani.

Melkiory, yule aliyekuwa akifanya naye mazoezi, amekuja na video ya kaka Egbert. Ile fainali ya kimataifa ya ngumi na mateke, uzito wa kati, Kampala 1994. Jana tumemzika, leo akataka watu wamwone marehemu akishinda. Akaiweka kwenye televisheni, sebule imejaa.

Alipigwa, Costa. Kaka alipigwa. Refa akainua mkono wa mpinzani wake, Mzambia.

Na sisi miaka yote tunasimulia alishinda, eti mkanda wa ubingwa aliuacha kwa kocha.

Nikamgeukia mama, nikajua anaanguka. Akasema taratibu tu, "Zima. Nilijua."

Nikamuuliza, ulijuaje mama?

"Kwetu mshindi akirudi nyumbani anashika mkuki, anajigamba mbele ya wazee. Yeye aliingia jikoni kimya, akachukua kisu, tukamenya ndizi. Mwanaume mzima, anamenya ndizi na mama yake. Nikamwambia hongera mwanangu."

Alimwambia hongera, Costa. Na alijua.

Sasa hivi yuko jikoni. Kakataa kusaidiwa, anamenya ndizi peke yake.