Nilichungulia Chungu cha Malaba

Dada Nekesa,

Nairobi mmeamkaje? Wewe uliyesema blogu yangu haina msomaji, keti kwanza.

Jana mchana rafiki yangu Emuria alinipeleka kwao Malaba. Majirani walikuwa wamezunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso, kila mtu na mrija wake mrefu. Mimi, mpiga picha hodari kuliko wote unaowajua, nikainama na simu nikapiga picha ndani ya chungu.

Mirija yote ikatolewa. Nikasikia hadi malori yakinguruma kule mpakani. Emuria alikuwa anatazama viatu vyake.

"Huku hatuchungulii chungu," akaninong'oneza. "Anayechungulia ni kama ametia sumu. Na mimi ndiye nimekuleta."

Mama yake, aliyeipika hiyo pombe, akanipa mrija. "Boss wa Nairobi, basi wewe anza."

Dada, hiyo kitu inanywewa moto kama chai. Nikavuta, ulimi ukaungua, nikameza. Wakanikodolea macho kama kuku mgonjwa. Mzee mmoja akauliza, "Anapumua?"

"Bado anapumua," mama akasema.

"Haya, tunywe."

Emuria akacheka kuliko wote, ndipo nikajua bado ni rafiki yangu. Picha nimeifuta, na ilikuwa kali.

Msalimie mama. Mwambie bado napumua, lakini ya mrija usimwambie.

Bloga wenu mashuhuri,
Wafula