Makaa ya Masara kwenye Pipa la Gesi

Jumatatu, 3 Machi

Saa moja asubuhi, mabwawa ya maji taka, Homa Bay. Gambuti mguuni, daftari kwapani. Nimepima mapipa yangu mawili. Kifuniko kinaelea juu ya tope. Gesi ikijaa, kinapanda. Pipa la kwanza, tope tupu la choo: alama ya pili. Pipa la pili, tope na makaa ya magunzi ya mahindi: alama ya tatu. Alama moja tu, na nimechoma magunzi miezi mizima mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Injinia, mkubwa wangu, amepita akiziba pua. Mtu anaongoza mradi wa mavi na anaziba pua! Ananikera sana.

Jumatano, 5 Machi

Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Injinia anataka moto wa kuonyesha watu, si huu wetu wa kupasha chai. Nimemweleza tena. Ndani ya tope kuna vijidudu vya aina mbili. Hivi vinavunja uchafu, vile vinatengeneza gesi, na katikati vinapokezana umeme kidogo sana. Makaa yanayopitisha umeme ndiyo waya wao. Waya ukiwa mzuri, gesi inakuwa nyingi. Magunzi yangu ni waya hafifu. "Basi tafuta makaa mengine," akasema. Ati tafuta! Kama vile yameanikwa barabarani.

Jumapili, 9 Machi

Masara, kwa wakwe. Mume wangu yuko Nakuru kikazi, kwa hivyo salamu napeleka mimi. Baba mkwe, ambaye huchimba dhahabu, alinisikia nikimlalamikia mama mkwe kuhusu makaa. Mzee haongei nami sana. Huniita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, na inatosha. Wakati wa kuondoka nikakuta gunia limefungwa kwenye boda. Makaa meusi, magumu, punje punje kama pilipili manga. Ni yale wanayotumia huku kunasa dhahabu kwenye matangi ya dawa. Yakichoka hutupwa. Nimeinama, nimeshukuru. Yametoka tangi gani, yameoshwa au la, sikuuliza. Mkaza mwana hahoji zawadi ya baba mkwe. Nimefurahi jamani, njia nzima nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemimina ndoo mbili kwenye pipa la pili. Vumbi jeusi mpaka puani. Gunia limebaki robo.

Alhamisi, 13 Machi

Alama ya tano! Nimepima mara tatu. Nimemwita hata mlinzi aje aone. Akasema hongera, akauliza kama chai iko.

Jumamosi, 15 Machi

Moto wa buluu, umesimama wima, hauna moshi. Achieng, mdogo wangu, amekuja kutoka Rangwe na mitungi yake. Huwa anachukua tope likishatoa gesi, ndiyo mbolea ya shamba lake la mboga. Sukuma na osuga, yaani mnavu. Anakula, yanayobaki anauza sokoni. Ana mimba ya miezi mitano na tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Nimemjazia mitungi minne kutoka pipa la pili, lile bora. Nimemjazia mimi mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Wageni wamekuja. Sufuria kubwa ya maji imechemka mbele yao, makofi yakapigwa. Injinia ameongea kama yeye ndiye aliyechoma magunzi. Leo sikujali. Mgeni mmoja mama ameniuliza swali la maana kuhusu vijidudu, nikamjibu mpaka Injinia akakohoa. Achieng amepita jioni, mitungi mingine minne.

Jumanne, 1 Aprili

Nilitaka kuongeza makaa yaliyobaki. Chini ya gunia kulikuwa na mchanga, nikayaosha kwenye karai. Kitu kidogo kikang'aa. Nikakigusa kwa kijiti. Kikagawanyika kuwa viwili, vikakimbizana, vikaungana tena. Nimesimama pale mpaka mgongo ukauma. Labda ni risasi ya kulehemu ya fundi wa redio. Lakini risasi haikimbii hivyo. Nimefunika karai kwa bati na jiwe juu. Makaa sikuongeza.

Ijumaa, 4 Aprili

Achieng ameniletea fungu la sukuma. Majani mapana kama ungo. Nimeshukuru. Gesi imeshuka, alama ya nne. Sijisikii kuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Achieng amepiga simu akicheka. Ati minyoo ya shambani imetoka yote juu ya udongo, imekauka hapo, na hata kuku hawaitaki. Akaniuliza, "Dada, mbolea yako imekuwa kali hivyo?" Nikasema ni jua. Jua gani, na huku mvua inanyesha kila siku? Gesi alama ya pili, sawa na pipa lisilo na makaa. Naogopa.

Alhamisi, 10 Aprili

Alama ya kwanza. Tope limenyamaza, halitoi hata povu. Vijidudu vyangu vimekufa. Kilichoviua kiko ndani ya mitungi minane niliyompa Achieng.

Nimemwambia Injinia kuhusu karai. Amefunga mlango. Ati nisiandike lolote kwenye daftari la kazi mpaka wafadhili watume barua yao. Nikasema tope hilo liko kwenye chakula cha watu. "Watu gani? Si ni dada yako tu?" Nilitaka kumpiga na gambuti. Nimeandika kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima, na pipa la pili nimelifunga kwa kufuli. Anifute kazi akitaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Masara tena. Ni Sabato, baba mkwe hashuki shimoni. Tangu niolewe sijawahi kumuuliza mzee huyu swali. Nimesimama mlangoni, nikauliza makaa yalitoka wapi.

Akasema: tangi la mwisho, la mchanga uliokwisha kuchanganywa na zebaki. Wao wenyewe huyazika. Siku ya kuyazika, hufungia kuku.

"Ulichukua bila kuuliza, Nyar Rangwe. Nikasema huyu ni msomi, ana maabara, anajua anachochukua. Ningeanzia wapi kumfundisha mke wa mwanangu?"

Aliongea akitazama sakafu. Ana aibu kuliko mimi, na hilo limenichoma zaidi. Mama mkwe alileta chai. Hatukuinywa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Achieng. Asubuhi, kabla hajatoka kwenda misa. Nimesema zebaki inaingia kwenye damu na inamfikia mtoto. Asile mboga, asiuze, awaonye waliokwisha kununua. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 15 Aprili

Kliniki jana. Wamechukua damu, inapelekwa mbali kupimwa. Majibu yatachukua wiki kadhaa. Muuguzi alikuwa mpole na hakutuahidi kitu. Moyo wa mtoto unapiga, hilo amelisema.

Leo tumeng'oa mboga. Tumechimba shimo refu pembeni, mbali na kisima. Nilimkataza kushika jembe, akalishika. Majani bado ni mazuri ajabu, kila mpita njia anayasifu kwenye ua.

Katikati ya kazi akaniuliza nilijua lini. Ningeweza kusema Jumamosi, kwa baba mkwe, na angeamini. Sijawahi kuliandika hili, hata humu ndani ambako hasomi mtu. Tangu siku ya karai sijatia mboga ya Achieng mdomoni. Kila alipoleta fungu nilishukuru, akishaondoka nikalitupa chooni, nikaenda sokoni kununua zangu. Nilijiambia sina hamu ya sukuma. Nilijiokoa mimi, yeye na mtoto nikawaacha wakila.

Nikamwambia, yote.

"Fungu la kwanza ulilitupa lini?"

"Ijumaa. Tarehe nne."

Achieng akakunja vidole, kimoja kimoja, akihesabu siku alizopika tangu hapo. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili. Kisha akainama akaendelea kung'oa. Nami nikashika mstari wa pembeni, tukafanya kazi mpaka shamba likawa udongo mtupu.