Medali Yenye Alama ya Jino

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako. Magoti yanasemaje? Sukari imetulia, au bado unaiba asali ukidhani daktari haoni? Mimi sijambo, isipokuwa jicho la kushoto limefunga duka, na jino langu la mwisho la mbele limehama bila kuaga. Usishtuke. Ukiambiwa na watu kwamba mwanao Profesa amempasua mzee mdomo mbele ya wageni wa heshima, jua ni kweli, ila wamekuficha utamu wake. Ndiyo maana naandika haraka, niwahi umbea.

Ulinituma nikuwakilishe kwenye sherehe ya Profesa kupewa medali, nami nilikwenda na ile suti ya harusi yangu, ambayo sasa inafunga kifungo kimoja tu, tena kwa kubembelezwa. Walimsifu binti yako mpaka nikajiuliza kama ndiye yule aliyekuwa akilia kutumwa dukani. Walisema ndiye aliyeuchora ule mpasuko chini ya bahari. Ulipotikisika na kuleta wimbi, watu wa pwani walikuwa wameshahamishwa, nyumba zikafagiwa zikiwa tupu. Tena ndiye aliyewaondolea mabaharia baruti, akaleta mizinga ya hewa inayofyatuliwa kwa kitufe. Makofi! Hawakujua kwa nini anaichukia baruti. Mimi na wewe tunajua.

Unakumbuka kazi ya kuipima sakafu ya bahari ilivyokuwa. Meli moja inatupa kopo la baruti lenye utambi unaowaka. Nyingine iko mbali, inasikiliza mwangwi ukirudi kutoka kwenye miamba ya chini. Mimi mpishi kwenye meli ya kutupa, na mwanao wa kiume, Kifimbo wetu, ndiye mwasha utambi. Dada yake, bado mwanafunzi, alikuwa kwenye meli ya pili na vifaa vya kusikilizia masikioni. Siku ile kopo lililipuka mikononi mwa Kifimbo. Nilitoka jikoni na mwiko nikakuta sitaha nyekundu, reli imepinda, na kiatu kimoja kina mguu ndani. Nisamehe kuandika hivyo. Dada yake kule aliusikia mlipuko hafifu, uliowahi kabla ya wakati wake, akauwekea alama, akaendelea na kazi.

Mkuu wa safari, yule Masharubu, alikuja mpaka msibani akakuambia mwanao alikuwa amelewa. Nilibisha kwamba alikunywa chai yangu tu, ambayo ni mbaya lakini hailewishi. Nani angenisikiliza, nami nanuka pombe kuliko chupa? Ukaishusha picha ya mwanao ukutani.

Sasa sikia. Masharubu alialikwa kumkabidhi Profesa medali, kama mwalimu wake wa kwanza. Akashika maikrofoni, ikamnogea. Akajisifu kwamba enzi zake hakukuwa na woga. Kwamba katika safari ya meli mbili, muda ulipombana, aliingia stoo vijana wakiwa wanakula, akazikata tambi zote za makopo ya baruti nusu kwa mkono wake ili kazi iende mbio, wala hakuwaambia, wasije wakamletea manung'uniko. Ukumbi ukacheka.

Mdogo wangu, safari ya meli mbili ilikuwa moja tu. Kifimbo alihesabu kama utambi ni mzima. Hakulewa. Alikuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Profesa aliipokea medali, akaifumbata kwenye ngumi, akampiga nayo mdomoni. Masharubu alikwenda chini na meza, maua na jagi la maji. Akamwinua kwa tai akamtwanga tena, akimuuliza alibakiza utambi wa urefu gani. Wanawe Masharubu, mapande ya watu, wakapanda jukwaani. Hapo ndipo mjomba mtu nilipoingia na kiti. Kiti kilivunjika, nami nikafuatia. Mmoja nilimng'ata sikio, na jino langu ameondoka nalo.

Kituoni afisa alimuuliza Masharubu kama kweli alizikata. Mdomo ulikuwa umeshonwa, akaitika kwa kichwa. Sasa kamati ya tuzo inataka irudishiwe medali yake. Profesa amewajibu wakaichukue kwa mama yake, kama wanajiamini.

Nakuletea mwenyewe. Ukingoni ina alama ya jino la Masharubu, usiisugue. Itundike kwenye msumari uleule, chini ya picha ya Kifimbo ukishairudisha.

Wasalimie majirani wote, hasa wale waliokuwa wakimwita mwanao mlevi. Hao wasalimie mara mbili, kwa sauti.

Ni mimi kaka yako,
mlevi pekee aliyewahi kuzaliwa katika ukoo huu.