Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Wodi ya Wanaume,
Homa Bay,
Juni 1996.

Dada yangu Nyasuguta,

Kabla sijauliza hali zenu acha nijisifu kidogo, maana nikinyamaza nitapasuka: katika ukoo wetu mzima hajazaliwa mtu mwenye bahati kama Nchagwa. Kuna dawa mpya kutoka ng'ambo, hata mawaziri hawajaionja, na aliyechaguliwa kuipata ni mimi. Sasa ndiyo nauliza: hamjambo? Mgongo wa Mama unamsumbua bado? Shemeji Masese ameacha kukoroma? Msomee Mama barua hii kwa sauti, na kila nikitaja jina lake tua kidogo, majirani wasikie.

Mimi niko sawa kabisa. Mnakumbuka ule uvimbe wa goti ulioanza nikiswaga ng'ombe kutoka Ntimaru kwenda soko la Rodi Kopany, nikadhani ni teke la fahali? Ndio ulionileta hapa, na hapa ninaishi kama mgeni wa heshima. Manesi wananiita Bwana Ntimaru. Wagonjwa wenzangu nimewapa habari za Mwanza, Kampala na Mombasa. Mombasa sikufika, lakini lori nililopanda lilikuwa linaelekea huko. Filister, mama mwenye nyumba wangu wa Rodi, huniletea samaki. Anasema Mkuria akila samaki wengi hivi lazima aolewe na Wajaluo. Nimemwambia walete ng'ombe wa mahari, nitawahesabu nikiwa kitandani.

Sasa Mama, sikia elimu. Kuna daktari hapa, msichana anaitwa Dolphine, aliyesoma shule ya Asumbi halafu ng'ambo. Aliniambia kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina protini zake. Nikamwambia protini nazijua, ni maharagwe. Shule niliacha mapema lakini somo hilo nililikuta. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ziko protini za kazi maalum: chembe ikipatwa na joto kali au taabu yoyote, hizo hukimbia kuzishikilia zile nyingine zisipinde na kuharibika, mpaka taabu ipite. Sote tunazo, na tunazihitaji. Shida ni kwamba saratani, yaani uvimbe kama huu wangu, nayo imezipenda. Inakua ovyo, inaishi kwa taabu mchana na usiku, kwa hiyo inaziegemea kupita kiasi.

Nikamwambia, daktari, usiendelee, huo ni mgomba wa Mama. Ule wa nyuma ya jiko, Mama, uliobeba mkungu mkubwa kuliko nguvu zake, nawe ukaukatia mti wenye panda wa kuuegemeza. Siku ndama wa Nyasuguta alipojikuna kwenye ule mti akauangusha, mgomba ulilala chini papo hapo, na mingine yote ikabaki imesimama kama hakuna neno. Daktari akasema angetaka kuuazima mgomba huo akafundishie. Dawa yenyewe ndiyo hiyo: haiendi kuukata mgomba kwa panga, inaondoa mti. Na imetokana na vijidudu vya udongoni, hebu fikiria, udongo huu tunaoupangusa miguuni tukiingia nyumbani!

Basi Mama, lala usingizi. Usibebe maji mengi. Msalimie mdogo wangu Magige, mwambie asiwauze wale maksai kwa watu wa ng'ambo ya mpaka kabla sijarudi kumfundisha kubishana. Mwanao anakupenda kuliko ugali wa wimbi, na unajua ninavyoupenda.

Nyasuguta, hapa mwambie Mama barua imekwisha. Ikunje, sema unaenda kumwangalia ndama, na haya mengine uyasome peke yako.

Yale ya mgomba ni kweli. Dawa pia ipo kweli, lakini iko kwenye vichupa vya maabara na kwa panya, huko ng'ambo. Nilimwomba Dolphine aandike jina langu niwe mtu wa kwanza, nikamwambia nimezoea kuwa wa kwanza. Aliketi kitandani kwangu. Akasema hakuna mtu aliyepewa bado, kwamba ilivyo sasa inaharibu ini, maana miti hiyo inaegemeza hata sehemu nzima za mwili, na wataalamu hawajajua kuing'oa ile ya saratani peke yake. Watajua, akasema, ila itachukua miaka, na goti langu haliwezi kungoja. Wakiukata mguu sasa, juu ya goti, kabla uvimbe haujapanda kifuani, huenda nikapona.

Nilikataa. Nilimuuliza ng'ombe nitawaswaga kwa mguu wa nani. Safari hii hakucheka. Aliyevunja ubishi wangu ni Filister. Alifungua leso yake, akanipima nayo kutoka kwapani hadi kwenye kisigino, akafunga fundo pale kipimo kilipoishia, akasema fundi seremala wa pale Rodi atataka kipimo cha magongo. Nililia, dada, mbele ya wodi nzima niliyoidanganya habari za Mombasa.

Nimekubali. Ni Alhamisi ijayo. Wanataka ndugu watoe damu, kwa hiyo njoo na Masese, mle vizuri njiani. Hata kama damu yenu itakataliwa, njoo. Sitaki kuamka nikatazama chini peke yangu.

Nilipanga umfiche Mama. Lakini siku moja nitaingia pale uani, na macho yake bado ni mazima. Rudi ndani, ukae karibu naye, umshike mkono, umsomee na haya. Asiposema kitu, mwachie muda. Mwambie bado nacheka, na hilo sijalitia chumvi.

Nawasalimu tena nyote, safari hii bila mapambo. Nawangoja.

Ndugu yako,
Nchagwa.

Ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Hakuna aliyenichagua.